Kaburi la Mgeni wa Chumba Namba Saba

Shinyalu, Kakamega
14 Januari 1964

Mdogo wangu Patroba,

Nakusalimu kutoka katika nyumba tulimozaliwa wote wawili. Huku jua ni kali. Mahindi tumekwisha kuyaanika na kuyapukuchua, na ng'ombe wanashushwa mtoni asubuhi na jioni kwa sababu kisima kimepungua. Usishtuke ukiuona mwandiko huu. Ni wangu, ila zile herufi nilizokuwa nikiwachapa watoto kwa ajili yake sasa zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Uhuru ulikuja mwezi uliopita. Nilibebwa kwa kiti mpaka uwanjani, nikaiona bendera ikipanda. Watu wazima niliowafundisha kusoma walilia. Mimi pia nililia, lakini machozi yangu hayakuwa ya bendera.

Mama yetu Navalayo hatunaye. Alituacha mwaka 1957, mwezi wa palizi, akiwa amelala. Nisamehe kwamba unaipata habari hii kwa karatasi.

Nina uvimbe tumboni. Daktari ni kijana mpole. Nilimwomba asinifiche, naye hakunificha. Amenipa mwaka mmoja, labda na ziada kidogo.

Barua yako nimeipata. Ninalo neno la kukuambia, lakini si leo. Nijibu kwanza, nijue kwamba anwani hii bado ni yako.

Ni mimi kaka yako,
Phineas


Salvador, Bahia, Brazil
2 Machi 1964

Kaka, Mwalimu wangu,

Barua yako imefika saa ya chakula cha mchana, wageni wote tukiwa mezani. Dona Lindaura, mwenye nyumba, aliingia ameiinua kwa mikono miwili kama mtu anayeleta ingokho, kuku wa mgeni, akapaza sauti: "Bwana Kesho! Imefika!" Watu wakapiga meza kwa vijiko. Mzee mmoja anayeuza ngozi alitokwa na machozi, na hata hajui Shinyalu iko upande gani wa dunia.

Bwana Kesho ndilo jina langu hapa. Kila mara Dona Lindaura akiniuliza naondoka lini, humjibu: "Kesho, barua ikifika." Huu ni mwaka wa tisa.

Mama. Nimeisoma sentensi ile nikaikunja karatasi, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Nilikuwa nikimwekea maneno ya kumchekesha.

Labda barua zangu zilipotea, basi nieleze tena. Aprili 1955 meli yetu ilitia nanga hapa, mimi nikiwa na homa kali. Walinishusha hospitalini, wakaondoka. Wiki tatu baadaye meli ile ikaungua baharini na watu wote. Nilipotoka hospitalini nilichukua chumba katika nyumba hii ya wageni kwa siku saba, nikakuandikia, nikangoja jibu. Ni nyumba ya watu wa kawaida, ghorofa tatu, kwenye mteremko wa mawe unaoshuka bandarini. Changu ni chumba namba saba, juu kabisa: kitanda cha chuma, beseni, msumari wa koti, na dirisha linalotazama mapaa na mbali kidogo maji. Kuta ni za mbao. Jirani akikohoa, mimi humwambia pole. Mchana nabeba magunia ya kakao bandarini.

Mji wenyewe haunyamazi. Kengele za makanisa, mabasi, akina mama wa nguo nyeupe wanaokaanga maandazi ya kunde kwa mawese pembeni mwa barabara. Majuzi walikuwa na sherehe yao ya mwaka, wakacheza siku nne mpaka mawe ya mteremko yakatoa vumbi. Nikizisikia ngoma zao asubuhi kabla sijafumbua macho, nadhani ni zetu za isukuti. Nadhani niko nyumbani na kuna harusi. Halafu jirani anakohoa.

Sasa nijibu mambo matatu. Nimekuandikia barua kumi na moja. Unaposema "barua yako nimeipata," ni ipi? La pili, nilimwacha mke wangu Ayuma na mimba ya miezi mitano. Mtoto ni nani? Wa kiume au wa kike? Nilinunua viatu vya mtoto wa mwaka mmoja, viko chini ya kitanda mpaka leo.

La tatu ni la haraka. Nataka kurudi. Balozi mdogo wa Mwingereza anasema Kenya sasa ni nchi yenu wenyewe, kwa hiyo nilete uthibitisho kutoka kwenu. Nenda kwa chifu, Mwalimu. Aandike mistari miwili tu kwamba mimi ni mtoto wa boma lile.

Mwambie Ayuma sijaoa mwingine.

Mdogo wako,
Patroba


Shinyalu, Kakamega
20 Mei 1964

Mpendwa Patroba,

Barua yako ilichukua muda mrefu, na ilipofika ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Tumesikia redioni kwamba wanajeshi wameshika serikali huko kwenu. Natumaini mteremko wenu umetulia.

Huku mvua ni nzuri. Maharagwe yametoa maua. Watu wameanza kupanda chai katika vishamba vidogo ukingoni mwa msitu, na mimi niliyewahi kuwaambia kwamba chai ni zao la wazungu nimenyamaza. Chakula hakikai tumboni tena. Obusuma, ugali wetu, nautazama tu wenzangu wakiula. Nakunywa uji.

Kuhusu chifu, amesafiri. Akirudi nitamwona. Usimharakishe balozi, mambo ya ofisi yana mwendo wake.

Ayuma yuko salama. Watoto wote ni wazima na wanasoma vizuri.

Umeniuliza ni barua ipi. Nimechoka leo. Nitakujibu.

Kaka yako,
Phineas


Salvador
9 Agosti 1964

Kaka,

Salamu kwa wote walio hai nyumbani. Utaona hapa chini kwa nini nasema hivyo.

Wanajeshi walipita nyumba zote za wageni. Walitupanga ngazini, kila mtu na karatasi zake mkononi. Mimi nilikuwa na kadi ya ubaharia ya meli iliyoungua. Sajini aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Hii meli iko wapi?" Nikasema, "Chini ya maji." Akadhani namdhihaki. Dona Lindaura alinisimamia kwa maneno mengi mpaka wakanipa muda: mwisho wa Februari mwakani niwe na hati ya nchi yangu, la sivyo watanifunga. Yuko mgeni mmoja waliyemchukua siku ileile, na sahani yake bado inawekwa mezani.

Nilirudi kwa balozi mdogo. Hakuningojea mimi wala wewe. Alikuwa amekwisha kuandika mwenyewe kwa mkuu wa wilaya. Karani akanisomea jibu. "Patroba Ligami alifia baharini mwaka 1955. Alizikwa nyumbani kwake mwezi wa Juni mwaka huohuo, na chifu alihudhuria." Akaniangalia juu ya miwani. "Sasa wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nilisimama pale kama mtoto aliyesahau jina lake siku ya kwanza ya shule.

Nilipowasimulia mezani, Dona Lindaura alijaribu kunichekesha. "Kumbe nimemlaza maiti miaka yote hii, na anavyokula maharagwe!" Wote walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikashindwa kuacha, mpaka yule mzee wa ngozi akanishika bega akanipandisha chumbani.

Mlinizika. Najua namna yetu: mwili usipopatikana, shina la mgomba huvikwa shuka na kuzikwa mahali pake. Na najua kwamba aliyezikwa hivyo haingii tena katika boma lile kwa miguu yake mpaka kaburi lifunguliwe. Basi nani alitupa udongo wa kwanza? Mliamini kwa ushahidi gani? Barua yangu ya kwanza niliituma Mei.

Na kingine. Niliacha mimba moja. Umeandika "watoto wote."

Nijibu upesi.

Patroba


Shinyalu, Kakamega
27 Septemba 1964

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa unyonge. Nimeanza barua hii mara nne.

Mtoto wako ni msichana, anaitwa Risper. Alizaliwa Machi 1955, ana miaka tisa, anaongoza darasani kwa hesabu. Ana kicheko chako cha puani. Ningekuambia hivyo tangu mwanzo, lakini nilijua ukimjua Risper utauliza anaishi nyumbani kwa nani.

Anaishi kwangu. Mama yake ni mke wangu. George ana miaka saba na Priscah minne. Hao ni wangu na Ayuma. Usimhukumu. Aliambiwa wewe umekufa, na aliyemwambia ni mimi.

Mei 1955 wakala wa meli alituletea barua kutoka Mombasa: meli imeungua, hakuna aliyepona. Niliisoma hapa uani mbele ya ukoo wote, kwa sababu mimi ndiye msomaji. Wazee wakasema roho ya Patroba isizunguke majini, aletwe nyumbani. Tukakata mgomba, tukauvika shuka lako, tukauzika kando ya baba Jumamosi ya pili ya Juni. Udongo wa kwanza niliutupa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa wako. Wazee wakaamua Ayuma abaki mikononi mwangu. Unakumbuka mke wangu Jescah alifariki bila mtoto, nami nilikuwa nimeishi miaka mitatu katika nyumba isiyo na sauti.

Barua niliyosema nimeipata ni ile yako ya kwanza. Ilifika Jumatatu, baada ya mazishi. Niliogopa. Kufungua kaburi ni jambo zito, mtoto alikuwa mchanga, Mama alikuwa dhaifu. Nikasema nitangoja wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Zile nyingine kumi zilipokuja sikuzifungua. Zimo ndani ya kopo la biskuti, chini ya vitabu vyangu. Juu ya kila bahasha niliona mwandiko wangu mwenyewe, maana wewe unaandika kama nilivyokufundisha.

Nikuambie na hili, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua. Waliokata ule mgomba waliung'oa na tunguu lake la mizizi. Mwaka uliofuata ukachipua juu ya kaburi lako. Mama aliuona akaanza kupiga vigelegele. "Maiti haioti," akawaambia majirani, "mtoto wangu anaishi." Mimi nikasimama mbele ya watu nikaeleza kama darasani, jinsi mgomba unavyochipua kutoka kwenye tunguu, kwamba hakuna ajabu yoyote. Watu wakamwonea Mama huruma. Kesho yake nikaenda na jembe nikaung'oa. Ukaota tena. Nimeung'oa mara tatu, Patroba, na mara ya tatu Mama alikuwa amekaa mlangoni akinitazama. Alifariki mwaka ule.

Kaka yako,
Phineas


Salvador
6 Novemba 1964

Mwalimu,

Hakuna salamu.

Ikiwa barua ilifika Jumatatu, kwa nini hukufungua kaburi Jumanne? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hofu ya makaburi ni giza. Ulinichapa viboko sita nilipokataa kupita makaburini kuchukua mpira. Nilikuwa na miaka minane. Bado navikumbuka.

Imebaki miezi mitatu na wiki tatu wanifunge. Chifu hataandika kwamba niko hai mpaka mtu asimame na kusema jinsi nilivyokufa. Simama useme. Usimnong'oneze ofisini. Sema uani, mbele ya ukoo, mahali palepale uliposomea barua ya wakala, na Ayuma awepo. Kisha niandikie siku ile ilivyokwenda, saa kwa saa. Ukiniandikia tena kama unavyomwandikia mkaguzi wa shule, nitaichoma bila kuimaliza.

Miaka tisa nimekataa kununua hata kiti. Nilisema, mgeni hanunui kiti. Dona Lindaura alinipa mpwa wake nimwoe, nikasema nina mke. Wenzangu walipata nyumba juu kilimani, nikasema mimi naondoka kesho. Nimekuwa mgeni huku kwa sababu nilikuwa na kwetu.

P.


Shinyalu, Kakamega
11 Januari 1965

Mdogo wangu Patroba,

Salamu zangu zipokee au uziache, ni zako. Mwezi uliopita nchi imekuwa Jamhuri, na mafahali wamepigana uwanjani Shinyalu mpaka ua wa duka moja ukaanguka. Nilizisikia kelele nikiwa kitandani. Sishuki tena kitandani bila kushikwa, na uji nao umeanza kurudi. Daktari hataji miezi sasa.

Ndani ya barua hii mna karatasi ya chifu yenye mhuri. Inasema wewe u hai. Ipeleke kabla ya kusoma yanayofuata, ili hasira isikucheleweshe.

Nilisimama Jumamosi iliyopita. Yaani nilikaa, walinitoa kwa kiti wakaniweka uani. Ukoo wote ulikuja, wakidhani nagawa wosia. Chifu alipewa kiti cha mbele. Ayuma alisimama mlangoni mwa jiko na Risper.

Nikasema: Patroba yuko hai. Mama mmoja akaanza kulia kwa furaha na wengine wakamnyamazisha wapate kusikia. Nikaendelea. Nikasema barua yake ilifika kabla ya mazishi, siku ya Ijumaa, si Jumatatu kama nilivyomwandikia yeye. Lakini, nikasema, nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na nyote mnajua kaburi lililo wazi halifungwi na njaa yake. Likikosa wake hutafuta mwingine. Kulikuwa na kitoto kichanga nyumbani. Mimi, Mwalimu, niliogopa lile shimo.

Niliona wazee wakiitikia kwa vichwa. Walikuwa wanaanza kunielewa. Walikuwa wanaanza kunisamehe.

Ndipo Shivachi akainuka. Unamkumbuka, yule mchimba makaburi mwenye kiwiko kilichopinda. Sasa ni mzee, ana meno mawili.

"Mwalimu," akasema, "shimo lipi hilo uliloliogopa?"

Nikamwambia, "La Patroba, ndugu yangu."

"Wee! Mimi ndiye nilichimba. Ulikuja na baiskeli kutoka mjini, sisi tumekaa tu na majembe, tunavutanga tumbaku, udongo haujaguswa hata na kuku. Nikakuuliza, 'Mwalimu, tuanze?' Ukashika mfuko wa koti hivi." Akashika kifua chake. "Halafu ukasema, 'Anzeni.'" Akawageukia watu. "Mikono yangu ilitoka malengelenge wiki mbili! Kumbe nachimbia mgomba!"

Watu walicheka. Kicheko kikafa kikiwa njiani.

Ni kweli, Patroba. Kaburi halikuwa limechimbwa. Barua ilikuwa katika mfuko wa koti. Nilikuwa nimeisoma nimekaa kwenye jiwe kando ya njia, baiskeli imelala majanini.

Uliniomba saa kwa saa. Saa nne niliipata posta. Saa tano niliisoma. Ulisema chumba ni kidogo lakini kina dirisha, na kwamba mwenye nyumba anakuita mgeni wake wa siku saba. Na neno la kwanza lililoingia moyoni mwangu, niliposoma kwamba mtoto wa mama yangu anapumua, halikuwa furaha. Nilihisi nimenyang'anywa. Wazee walikuwa wamekwisha kukata shauri juu ya Ayuma, na kwa majuma mawili nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba nikirudi jioni kutakuwa na mtu wa kuniuliza siku ilikuwaje. Nilikaa kwenye jiwe lile nikitafuta furaha kama mtu anayetafuta funguo katika mifuko yake. Sikuiona. Saa saba nilifika nyumbani, Shivachi akaniuliza, nami nikajibu kwa neno moja. Sikuogopa kaburi. Nililihitaji.

Ayuma alikuja mbele ya kiti changu. Aliuliza neno moja tu. "Uliponishika mkono pale kaburini nisianguke, ulikuwa nayo mfukoni?"

Nikasema, "Nilikuwa nayo."

Alilichukua kopo la biskuti lenye barua zako. Amehamia na watoto wote watatu katika nyumba ya marehemu Mama. Mchana naisikia sauti ya Risper ikisoma kwa nguvu, na Ayuma akisema, "Rudia hapo." Kwangu haingii. Uji huletwa na dada yake Sellah, anauweka chini bila kuniangalia.

Sasa sikiliza uamuzi wa wazee, maana ndio unaokuhusu. Aliyetupa udongo wa kwanza ndiye peke yake anayeweza kuutoa, na lazima autoe akiwa hai. Akifa kabla, umefungiwa nje ya boma hili milele. Lakini kaburi likifunguliwa lazima lipate mtu, na hawakubali kudanganya tena kwa mgomba. Walibishana mpaka adhuhuri. Mmoja akasema lifunguliwe azikwe ng'ombe. Shivachi akasema amechoka kuchimbia mimea na mifugo.

Nikawaambia mtu yuko. Nimekaa hapa mbele yenu. Leo nitautoa udongo wa kwanza kwa mkono wangu, na siku nitakayokufa mfungue palepale, mniweke mimi. Chifu akavua kofia.

Wakanibeba mpaka pale. Mgomba umeota tena. Tangu Mama afe sijaugusa; umekuwa kichaka, na chipukizi lake moja lina urefu wa mtu. Waliniinamisha, nikachimba kwa vidole, nikautoa. Ayuma ameling'oa chipukizi lile kwa mikono yake akalipanda mlangoni mwake. Udongo nimekufungia katika karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Ni wako. Huna kaburi tena hapa.

Sikuombi msamaha. Nilikuwa na miaka tisa ya kuuomba, nikaitumia kung'oa mgomba. Naomba tu uje, upite langoni kwa miguu yako, na mtu mmoja aseme, "Patroba huyo." Nikiwa bado napumua nitamwomba Sellah ageuze kitanda kielekee lango.

Aliyekufundisha kuandika,
Phineas


Salvador
16 Februari 1965

Kaka, au Ayuma, au yeyote atakayeifungua bahasha hii,

Nimeandika jina la Mwalimu juu yake kwa kuwa sijui mwingine wa kumwandikia, na huenda naandikia shimo.

Karatasi ya chifu nimeipeleka kabla ya kusoma, kama ulivyotaka. Karani aliisoma mara mbili, akasimama, akanipa mkono. Nimepewa hati ya safari moja. Meli inaondoka tarehe 23, inazunguka Rasi, itafika Mombasa katikati ya Aprili, Mungu akipenda. Nitaondoka zikiwa zimebaki siku tano tu za ule muda wa wanajeshi.

Barua yenyewe niliisoma mezani. Nilipoikunjua, udongo ukamwagika juu ya kitambaa cheupe cha Dona Lindaura. Alitaka kuupangusa, nikamshika mkono. Nikamwambia ni nini. Wageni wote wakaweka vijiko chini, na tuliukusanya pamoja, chembe kwa chembe, yule mzee wa ngozi akitumia wembe wake. Narudi nao.

Mwalimu, kama unasoma: hukuuliza, lakini nakujibu. Sijui. Nimejaribu kukusamehe nikiwa ngazini, nimejaribu nikibeba magunia, na kila mara nakusikia ukisema "Anzeni." Kisha nakuona pia ukinishika vidole kuandika herufi P, kiganja chako kikubwa juu ya changu. Siwezi kumkasirikia marehemu, na siwezi kumsamehe. Kwa hiyo usife. Kunywa uji hata ukirudi, kunywa tena. Kitanda kielekezwe langoni, nami nitakuja nikiwa na hasira yangu yote, nikukute ukipumua. Miaka tisa nilikungoja. Nisubiri miezi miwili.

Na kama umekwisha kuingia mahali pangu, basi udongo huu nitautupa mwenyewe juu yako, uwe wa mwisho, na siku hiyo nitajua nilitaka kusema nini.

Viatu vile nimempa mjukuu wa Dona Lindaura. Vinamtosha.

Leo asubuhi nilimrudishia ufunguo wa chumba namba saba. Alileta daftari la wageni, akafungua ukurasa wa Mei 1955. Jina langu lipo, na mbele yake nimeandika kwa mkono wangu: siku saba. Nafasi ya tarehe ya kuondoka hakuijaza miaka yote hiyo, wala hakuruhusu mtu aijaze. Nikaijaza. Alilia, akasema nimemharibia daftari.

Ayuma, kama ni wewe unayesoma, nakuomba neno moja. Sitaingia nikidai kitu chochote. Nitasimama langoni na sanduku langu, nibishe kama wageni wanavyobisha katika nyumba hii, niseme jina langu na nimetoka wapi. Mgeni huulizwa pia atakaa siku ngapi. Hapo sitajibu. Hapo utajaza wewe.

Patroba